Nuru ni Mwanga

Du, du, du. Mlio huo Castory aliusikia usiku wa manane ukitoka uani kwa Bibi Immakulata, na asubuhi akauleta kijiweni kama ulivyo, akaupiga kwa ngumi juu ya benchi langu mpaka vikombe vikaruka. Kijiwe chenyewe ni hiki hapa Kasulu, njia panda ya kwenda kambini kwa wakimbizi, Nyarugusu, na mwaka huu wa 2014 mihogo imetoka myembamba kama vidole, ya kila mtu isipokuwa ya Bibi Immakulata. Mimi ndiye muuza kahawa, mtoto mgongoni, nimepanga chumba kwa huyo huyo Bibi, na ule mlio ni mimi, jamani, nilikuwa natwanga kisamvu cha kuuza kambini, na kisamvu chenyewe nakinunua kwa wake za hawa hawa wanaume, kwa siri, sasa nianzie wapi? Nikisema, wanawake wenzangu watapigwa. Nikinyamaza, Bibi atafukuzwa, kama hakuchomewa nyumba. Nikamimina kahawa.

Castory tunamwita Injinia, aliwahi kuwashikia kamba watu wa barabara siku nzima. Longinus ni Redio, hazimwi. Evaristi ni Kamanda, wa sungusungu.

Injinia: Anatwanga mihogo yetu yule. Anaivuta kwa chini, usiku. Kwake inanenepa, kwetu zinabaki kamba.

Redio: Anaivuta na nini?

Injinia: Kwani simu inavutwa na nini?

Redio: Hapo sawa. Ndiyo maana wamesimika mnara kule Heru Juu. Mnara unanyonya wanga, wanga unageuka vocha.

Kamanda: Wanga wa unga au wanga wa usiku?

Redio: Wote.

Kamanda: Achana na mnara. Mnara utaufukuza uende wapi? Mimi nataka mtu.

Redio: Lakini bibi mwenyewe kutembea hawezi, Kamanda.

Kamanda: Ndiyo zao. Mchana magoti, usiku wanafika Kibondo na kurudi ugali haujapoa.

Injinia: Tena bila nauli.

Redio: Angetupa na sisi lifti.

Wakacheka. Kamanda hakucheka.

Kamanda: Saa nne usiku tunakwenda. Ahame mwenyewe, au tumhamishe.

Hapo neno likanitoka mdomoni, sikulipangia.

Mimi: Si Bibi! Ni usanisinuru!

Kamanda: Sani na nani?

Mimi: Usanisinuru, Kamanda. Tulisoma kidato cha pili.

Redio: Sani na Nuru! Kumbe wako wawili!

Injinia: Nuru yupi, huyu wa mandazi pale stendi?

Kamanda: Huyo simwamini tangu zamani. Mandazi yanavimba vile kwa unga gani?

Mimi: Hakuna mtu, jamani! Nuru ni mwanga!

Kamanda akaweka kikombe chini.

Kamanda: Mmesikia wenyewe. Kasema Nuru ni mwanga.

Mungu wangu, neno moja tu, nilitaka kusema mwanga wa jua, wao wakasikia mwanga wa kuwanga, na sasa nimeongeza mwanamke wa pili kwenye safari yao ya usiku, ana watoto wanne yule. Nikaliacha neno la shule, nikasema bila kuvuta pumzi.

Mimi: Jua, Kamanda, hili jua la juu! Jani la muhogo ndilo jiko lake. Maji yanapanda kutoka chini, hewa inaingia jani, jua linapika, chakula kinateremka mizizini, kinajazana, ndiyo muhogo. Ukikwanyua majani yote umezima jiko, mizizi itakula nini? Bibi hakwanyui, anachuma kiganja cha mboga yake, basi, uchawi wake wote ni huo.

Kamanda: Jiko lisilo na moshi?

Redio: La gesi hilo.

Injinia: Mama Makari, muhogo unakula udongo, hata huyo wa mgongoni anajua. Halafu mimi kwangu majani tele.

Redio: Umefika lini shambani, Injinia?

Injinia: Si mke wangu Aneth anakwenda?

Nikainamisha birika. Likatoa tone, likakoma. Kamanda akasimama.

Kamanda: Saa nne, hapa hapa. Injinia, wewe ndiye uliyesikia, bila wewe hatuna kesi. Uje na tochi.

Akaondoka, Redio nyuma yake bado anaongea. Injinia akabaki anazungusha machicha ya kahawa kikombeni, na hapo ndipo akatokea Claudine, Mkongo wa kambini, mteja wangu, beseni kichwani.

Claudine: Jambo, mama Makari. Sombe iko?

Sombe ndiyo kisamvu, kwa Kiswahili cha kambini. Nikamkonyeza, hakuona.

Claudine: Nataka ile ya Aneth, ilikuwa muzuri sana. Ama alishamaliza kukata shamba yote?

Akanitazama mimi, akamtazama Injinia, akasema atarudi kesho, akaenda zake. Nikamtoa mtoto mgongoni, nikamkumbatia kifuani, sijui kwa nini.

Injinia: Yote?

Mimi: Kaka Castory, alikuwa anatafuta sare za watoto, usimpige, niliyemshawishi ni mimi, mimi ndiye niliyemfuata mpaka…

Injinia: Nimeuliza, yote?

Mimi: Imebaki mistari miwili. Ile ya kando ya njia.

Injinia: Ndiyo ninayoiona nikipita.

Akajipangusa uso kwa kiganja, taratibu, kama mtu aliyelima kutwa.

Injinia: Majani yakirudi, itanenepa?

Mimi: Ikiachwa. Lakini si leo wala kesho.

Injinia: Kamanda nitamwambia niliota. Hakuna mlio. Na kinu chako upige mchana.

Mimi: Na Aneth?

Injinia: Nikimpiga wataniuliza kwa nini, niseme nini? Injinia hajui shamba lake lina upara? Hapa benchini sitakaa tena. Simgusi. Ila hiyo mistari miwili, mama Makari…

Mimi: Sitamwambia mtu mwingine kwamba imebaki hiyo tu.