Wilondja Hubert na Shamba Lake la Mitundu

Wachungaji wetu, majirani wa Dzaleka, na ninyi mliotoka Chinsapo na Mitundu asubuhi hii, familia imenituma mimi, Narcisse, mdogo wa marehemu, niwasomee maisha ya kaka yangu, nami nitasoma polepole, maana tumechoka sote.

Mzee Wilondja Hubert alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, Fizi, Kivu ya Kusini, mtoto wa pili wa mkulima wa mihogo, akasoma shule ya msingi hukohuko tangu 1973 hadi 1979, akaingia sekondari Uvira miaka miwili, karo ikamshinda, akarudi kwenye jembe. Tarehe 8 Agosti 1992 alifunga ndoa kanisani na mama Kabibi, huyu aliyeketi hapa mbele, Mungu akawapa Josué, Aline na Gentille.

Mwezi wa Oktoba 1998 watu wenye silaha walimkuta akilima shamba lake, wakamuuliza shamba ni la nani, akajibu, "Haiko yangu, mi niko kibarua tu," wakampita, wakaenda kumuua jirani aliyesema la kwake ni lake. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na kaka akaivusha familia nzima, wakakaa Tanzania miaka mingi, wakafika Malawi, katika kambi hii ya wakimbizi ya Dzaleka, tarehe 3 Juni 2009.

Hapa alishona nguo, tena vibaya, wateja wake mpo na mnajua, hadi mwaka 2017 alipokodi shamba Mitundu kwa mwenyeji mmoja, akawa analala kwa Aline, Chinsapo, siku za palizi. Bima ya mazao hakuwa nayo, maana wenye bima walitaka kitambulisho cha raia. Februari 2024 mvua ilikatika, mahindi yakakauka yakiwa yameanza kubeba, na tarehe 19 Machi maafisa wa serikali wakapita kuandika wakulima wasio na bima, ili walipwe msaada wa maafa. Walimkuta amesimama katikati ya mahindi yake, wakamuuliza kwa upole shamba ni la nani, na kaka yangu, mtu wa miaka hamsini na minane, akawapa kwa Kichewa jibu lilelile la Fizi. Wakaandika jina la mwenye ardhi, wakamwambia zikomo, yaani asante, wakaenda zao.

Malipo yalitoka Novemba, mwenye ardhi akapokea, na kwa kuwa ni muungwana akaleta gunia la mahindi hadi hapa, lakini kaka hakulilia gunia. Alikwenda ofisini Lilongwe mara nne, kuomba tu aandikwe kuwa ndiye aliyelima, mara nne akaambiwa orodha imefungwa, na kila aliporudi aliketi bila kuvua viatu, akisema, "Nilijikana mi mwenyewe, mama Josué, na hakuna mutu alikuwa na bunduki."

Presha ilimwanza Januari 2025, miguu ikavimba, akalazwa Lilongwe tarehe 2 Mei, akafariki tarehe 11 Mei, saa nne asubuhi, akiacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliopika na kukesha, mafundi cherehani wenzake, wakulima wa Mitundu, na mwenye ardhi, aliyekuja na jembe la kaka begani na kusaidia kuchimba kaburi.

Kaka, msalabani tumeandika Wilondja Hubert, mkulima, shamba lake Mitundu, na mwenye ardhi ameyasoma maneno hayo, akaitikia kwa kichwa. Hakuna atakayekuuliza tena. Pumzika, kaka, kwa amani.