Bi Ummkulthum na Neno Lililotaka Kuvunja Nyumba ya Watu

Miaka thelathini na tatu! Jumatatu tarehe 30 Juni 2025 Bi Ummkulthum Haroub anastaafu, na dawati la bima la kituo chetu cha afya hapa Wete linabaki na kiti ambacho hakuna anayekiweza, maana kishachukua umbo lake.

Aliingia kazini Julai 1992, siku zile vyama vingi ndio kwanza vinarudi na kila baraza ina kelele. Yeye kelele hazikumpata. Alipewa chumba cha mafaili yaliyoliwa na mchwa, akayapanga upya yote kwa majina ya mama, kwa sababu, alisema, kina baba wanaoitwa Nasor Wete hii hawahesabiki. Bima ilipokuja akahamishiwa dawatini, na hapo ndipo sisi vijana tulipomkuta.

Namna yake ni hii: anachukua fomu, anasoma mstari wa kwanza, halafu anaondoka. Mwili upo, kalamu ipo, mwenyewe hayupo. Karafuu zimeanikwa njiani, harufu inaingia dirishani, na macho yake yako mbali huko. Ukimuuliza anakwambia alikuwa anakifuata kichupa cha damu. Kimepanda ndege, kimeshuka Dar, kimepanda tena, kimefika nchi ya baridi, na mtu asiyejua Pemba iko wapi anakishika kwa vidole viwili na kukiangalia kwenye taa. "Ile damu itasikia baridi," anasema. Sisi tunacheka. Yeye hacheki.

Vichupa hivyo ni vya wajawazito. Mama anatolewa damu mkononi, na ndani yake wataalamu wanasoma kama mtoto aliye tumboni karithi maradhi. Bei ya kipimo hicho mshahara wa mwalimu wa miezi mitatu hauifikii, kwa hiyo bila bima usahau. Na fomu ya mfuko wa bima, ile ya zamani, ilikiita "kipimo cha vinasaba". Basi neno hilo!

Mwaka juzi alikuja Mwalimu Ngwali wa Fundo. Yeye na mkewe Mwanaasha walimzika mtoto wao wa kwanza, Mabruki, akiwa na miaka mitatu. Sikoseli, maradhi ya damu ambayo mtoto huyarithi kwa wazazi. Sasa Mwanaasha ana mimba tena, na daktari kawaandikia kipimo. Ngwali akaenda na fomu nyumbani ili mkewe atie sahihi, akaiacha juu ya meza. Mamake, Bi Kijakazi, akaisoma herufi kwa herufi, vinasaba, mpaka akaiona nasaba ndani yake.

"Nasaba? Kwani weye Ngwali humjui baba wa mwanao?"

Fundo ni kisiwa kidogo. Kufika adhuhuri kila mtu kashajua kwamba mwalimu anamtilia shaka mkewe. Mwanaasha akakunja nguo zake akahamia kwa babake. "Akapimwe yeye mwanzo," akasema mlangoni, "tuone kama mamake kamwambia kweli."

Wiki ile ile ikaja barua ya mfuko kujibu maombi ya daktari, na wao wamekosea vile vile: mfuko haugharamii vipimo vya kuthibitisha ubaba. Rufaa siku kumi na nne, baada ya hapo faili linafungwa.

Ngwali akaja dawatini na barua mkononi, mke hana, kipimo hana. Siku hiyo Bi Kulthum hakuenda popote kwa macho. Alinyanyua simu.

"Mwanangu," akamwambia ofisa wa mfuko, "baba wa mtoto hatumtafuti. Yupo hapa mbele yangu, jasho linamtoka. Tunatafuta sikoseli."

Halafu Jumamosi akafanya jambo ambalo hadi leo hatujui alilifanyaje. Bi Kulthum anaogopa bahari! Mpemba mzima, Unguja anakwenda kwa ndege tu. Lakini alipanda boti ya Fundo na mwavuli wake, kafumba macho mwanzo mpaka mwisho, na wavulana wa boti wakamwimbia kaswida. Akakaa na Mwanaasha ukumbini kwa babake. Hakumsomesha sayansi.

"Mtoto wa nani tunajua, na pua yake itasema yenyewe. Nnachotaka kujua mie, ile damu iliyomchukua Mabruki imo au haimo."

Alasiri ilipoadhiniwa Mwanaasha aliinuka. Kisha akatafuta baibui lake. "Basi twende."

Rufaa iliingia siku ya kumi na tatu, na neno limefutwa kwa kalamu nyekundu, mahali pake pameandikwa: *kipimo cha maradhi ya kurithi*. Mfuko ukalipa. Nauli ya kichupa haukulipa, na hadi leo haulipi, wageni wetu wa mfuko tunaomba walisikie hilo. Nauli aliileta Bi Kijakazi, kaifunga kwenye pindo la kanga. Aliiweka dawatini akaondoka.

Majibu yalichukua wiki tatu. Imo.

Daktari ndiye aliyewaambia. Bi Kulthum alikwenda kukaa na Mwanaasha kwenye benchi, na sisi tukawa tunanong'ona kwamba tabu yote ile imekwenda bure. Mwanaasha akatusikia.

"Maradhi ya Mabruki tuliyajua keshachoka," akasema. "Huyu hajaumwa hata mara moja."

Mtoto alizaliwa hapa hapa kituoni, msichana, wakamwita Mize. Dawa alianzishwa kabla hajapata homa yake ya kwanza. Bi Kulthum naye akaandika barua kumi na moja, nyengine kali kweli, mpaka mfuko ukachapisha fomu mpya. Akina mama kumi na tisa wameshapimwa kwa fomu hiyo, na hakuna aliyerudishwa kwao.

Alhamisi iliyopita Mize alikuja kliniki. Katoka mlangoni mpaka dawatini kwa miguu yake, akaanguka mara moja, akainuka, akachukua kalamu ya Bi Kulthum na kuitia mdomoni.

Bi Kulthum, tunakushukuru sana. Mwenyezi Mungu akupe afya, umri mrefu na mapumziko ya raha. Ila asubuhi ya tarehe 15 Julai usitoke nyumbani: Mize ana kliniki, na mamake kasema watapitia kwako kwanza.