Sindano Haikumuua Klementina Nampota

Wasifu huu umeandikwa na mimi, Scholastika, mtoto wa pili wa marehemu. Kaka yangu alitaka uandikwe na mtu mpole, lakini Mama alishasema akiwa hai kwamba mpole asiguse kalamu siku yake. Nawaomba radhi wazee wangu, na nawaomba mnisikilize hadi mwisho. Tangu Jumamosi, kwenye mikeka ya msiba huu, kuna maneno yanazunguka kwamba marehemu ameuawa na sindano za sukari. Yangekuwa maneno tu ningeyaacha yapite. Lakini baba yetu mdogo Nuhu Lilombe, ambaye naye anaishi kwa sindano hizo hizo, ameyasikia, na tangu Jumamosi hajachoma. Kwa hiyo nitasimulia Mama alivyoishi, na nitasoma kwa sauti, ili hata aliyekaa safu ya mwisho naye apate.

Marehemu Klementina Kipriani Nampota alizaliwa tarehe 15 Agosti 1953 huko Mnero, wilayani Nachingwea, akiwa mtoto wa tano wa mzee Kipriani Nampota na mama Veronika. Wazazi wake walikuwa Wamakua waliotoka upande wa Masasi wakifuata ardhi ya kulima. Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria na watu wote walikuwa kanisani. Bibi aliyemzalisha Veronika alilalamika miaka mingi kwamba mtoto huyu alimkosesha misa na pilau kwa pamoja.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Mnero kuanzia mwaka 1962 hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1968. Mdogo wake hupenda kusimulia siku aliyorudishiwa mtihani wa hesabu wenye alama thelathini na nane. Klementina alikaa akajumlisha mwenyewe, akapata thelathini na sita, akamrudishia mwalimu karatasi yake. Mwalimu akacheka, akamwambia achukue tu, amepewa. Akajibu kwamba hizo mbili si zake na hazitaki. Darasa zima lilimwona mjinga, na yeye alikwenda zake nyumbani bila wasiwasi wowote.

Tarehe 5 Julai 1975 alifunga ndoa takatifu na marehemu baba yetu, Rogath Lilombe, wa Likunja, wilayani Ruangwa. Lori lililombeba bibi harusi lilizama kwenye mchanga njiani. Shangazi za bwana harusi wakamsihi akae kitini asije akachafua gauni. Alishuka, akakunja gauni kiunoni, akasukuma pamoja na wapiga ngoma. Aliingia Likunja na vumbi hadi kwenye shela, na baba alikuwa akisema kwamba siku hiyo alijua hakuoa mtu wa kubembelezwa. Ukoo wa Lilombe una Waislamu na Wakristo chini ya baba mmoja, na Mama aliwapikia wote, futari kwa hawa na Pasaka kwa hawa, hadi baba alipofariki mwaka 2011.

Marehemu alilima korosho, ufuta na mihogo. Kwa miaka mingi pia alikuwa mpima mizani wa chama cha msingi cha ushirika, na hapo ndipo alipopata maadui. Wanunuzi wa kangomba, wale wanaopita majumbani kununua korosho kwa bakuli kabla ya msimu kufunguliwa, walimchukia kwa moyo wote. Wao hukuonyesha bakuli na kukuambia hii ni kilo. Mama alikuwa akilichukua bakuli hilo mbele ya mwenye nyumba, analijaza, analimimina kwenye mizani yake, kisha anawaachia watu wasome wenyewe lilivyozidi kilo. Mmoja alimtishia kumchapa, akamwambia asubiri kwanza amalize kupima.

Mwaka 2004 aligundulika kuwa na kisukari. Alimeza vidonge kwa miaka mitano, kisha daktari akamwambia vidonge vimeshindwa kazi, aanze insulini. Mtakumbuka maneno ya wakati ule, maana baadhi ya waliosema wapo hapa. Walimwambia sindano ni mlango wa kaburi, ukianza kuchoma umekwisha. Mama aliwajibu, "Kama ni mlango wa kaburi, basi nitakaa hapo mlangoni nibangue korosho." Alikaa mlangoni miaka kumi na sita. Baadhi ya waliomwonya tuliwazika yeye akiwapikia waombolezaji.

Muuguzi Yasmini wa kliniki ya kisukari ndiye aliyemfundisha, na Mama alikuwa mwanafunzi msumbufu. Aliuliza kila kitu mara mbili. Nyumbani hakukuwa na friji, kwa hiyo chupa yake ilikaa kwenye chungu kidogo, ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga uliolowa, kwenye kona ya kivuli. Kila asubuhi alipima sukari kwanza. Kisha alisoma chupa, jina la dawa, tarehe ya mwisho, na namba ya nguvu yake. Yake ilikuwa ya mia, na bomba lake la sindano lilikuwa la mistari ya mia. Aliibingirisha chupa taratibu kati ya viganja, akavuta yuniti zake, akagonga viputo vikapanda, akachoma, akala. Leo tumboni, kesho pajani. Tukimharakisha alituambia dawa haimjui mwenye haraka.

Sasa nafika mwaka 2017, jambo ambalo ukoo huu unalizungumza kwa kunong'ona. Mimi silinong'oni.

Mwezi wa kumi mwaka ule tulikuwa kwenye arobaini ya shangazi yetu Biasha Lilombe, dada mkubwa wa baba, aliyeishi Dar es Salaam na kufia huko. Kama ilivyo desturi yetu, vitu vya marehemu viligawiwa siku ile. Kanga zilipata wenyewe, sufuria zikapata wenyewe. Mwisho ikatolewa chupa ya insulini iliyoletwa kwenye chupa ya chai yenye barafu. Mwanawe aliyeko ng'ambo ndiye aliyekuwa akimtumia. Baba mdogo Bashiri, msimamizi wa mgao, alimwita Mama katikati ya baraza.

"Shemeji, hii ni fungu lako. Dada alikuwa na sukari kama wewe. Dawa ya Ulaya hii, kali, usiiache ipotee."

Mama aliipokea, akaisogeza kwenye mwanga, akasoma. Namba ya nguvu haikuwa mia. Ilikuwa mia tano.

"Siichukui," alisema.

Kukataa fungu la marehemu kwetu si jambo dogo. Ni kama kusema hukumpenda. Wanawake waliguna, na mzee mmoja akatoka nje kabisa. Baba mdogo Bashiri akamuuliza kama anajua anachokifanya mbele za watu.

"Nampenda Biasha, nimemlilia," Mama alisema. "Lakini dawa ya marehemu si kanga, shemeji. Kanga ya mtu mrefu nikiivaa nitaburuza tu. Hii ya Biasha ina nguvu mara tano ya yangu. Mpeni mtu wa kliniki aiondoe."

Hakuna aliyeipeleka kliniki. Baba mdogo Nuhu, aliyekuwa ameanza insulini mwaka mmoja nyuma, alinyoosha mkono akasema yeye hana dharau kwa dada yake. Akapongezwa. Mama alimfuata hadi uani kumsihi, akaambiwa amekwishamwaibisha mumewe kaburini, inatosha.

Asubuhi iliyofuata, baba mdogo alivuta yuniti zake kumi na tano kwa bomba lake la kila siku, mpaka mstari wake wa kila siku. Alichoma, akanywa chai kwa muhogo, akaenda kuanika korosho. Mstari wa bomba ulikuwa ule ule. Kilichokuwa ndani ndicho kilichobadilika, na kwa mistari ile kumi na tano aliingiza yuniti sabini na tano. Saa sita mchana alianguka juu ya korosho zake, jasho likimtoka kama mtu aliyemwagiwa ndoo, akiongea maneno yasiyoeleweka.

Na hapa ndipo tulipojitia aibu. Tulisema ni Biasha. Tulisema marehemu amekasirika kwa sababu fungu lake lilikataliwa, na sasa anamvuta mdogo wake. Watu walianza kutafuta ubani. Wengine walikwenda kwa Mama kumtaka aje apige magoti aombe msamaha, ili Nuhu aachiliwe.

Mama alikuja kweli, tena mbio. Hakupiga magoti ya msamaha. Alipiga magoti kumgusa shingo, akauliza, "Amechoma ipi leo?" Mke wa baba mdogo akaonyesha ile chupa. Mtu mmoja alikuwa tayari na kikombe cha maji ya sukari anataka kummiminia, na Mama akakipiga kikombe kikamwagika, kwa sababu mgonjwa alikuwa hamezi na yangeingia kwenye mapafu. Alimlaza ubavu, akachukua sukari kidogo kwenye kidole chenye maji akampaka ndani ya shavu, akaagiza gari. Aliambiwa gari la nini wakati mgonjwa anahitaji dua. Akasema ombeeni ndani ya gari.

Njiani alifumbua macho. Alimtambua mkewe, akaomba maji, na kila mtu akasema haya, tugeuze turudi nyumbani, amepona. Mama alikataa mara ya pili. Aliwaambia sukari ya shavuni itakwisha sasa hivi, na dawa ile bado imo mwilini na itamwangusha tena na tena hadi kesho. Dereva akapunguza mwendo. Mama akamwambia akigeuza usukani, ataeleza yeye kwenye kaburi la Nuhu. Gari likaendelea. Hospitali daktari alisoma chupa ambayo Mama aliibeba mkononi, akamtundikia dripu ya sukari, na kweli sukari yake ilishuka tena, wakampandisha tena, wakamlaza hadi kesho yake jioni.

Dawa ile haikuwa sumu. Shangazi Biasha aliandikiwa na daktari wake kwa sababu mwili wake ulihitaji yuniti nyingi, naye alikuwa na bomba lake maalumu, lenye mistari iliyotengenezwa kwa dawa hiyo. Bomba hilo halikuja kwenye mgao, maana waliokuwa wakifungasha waliliona takataka. Tulirithi dawa tukatupa kipimo chake. Baada ya hapo Mama aliwaita mashemeji zake wote, akaweka mezani bakuli la kangomba na bomba la sindano. Aliwaambia bomba ni bakuli tu, nalo halijui limebeba nini. Ukijaza pumba au ukijaza risasi, bakuli linafika ukingoni vile vile. Tangu siku ile dawa za marehemu hazigawiwi katika ukoo huu, ingawa baba mdogo Bashiri, aliyeko hapa na ananisikia, hajawahi kukubali kwa mdomo kwamba Mama alikuwa na haki ya kukataa.

Mwanzoni mwa mwaka huu miguu ya Mama ilianza kuvimba na pumzi ikawa fupi. Daktari alituambia wazi kwamba moyo umechoka, kwamba umri na presha na ugonjwa wa miaka mingi vimechangia. Hakusema sindano. Sukari yake siku aliyolazwa ilikuwa nzuri kuliko ya baadhi yenu mnaoketi hapa bila kupima. Marehemu alifariki Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, mchana, akiwa amenishika mkono na kunilaumu kwamba uji nimeutia chumvi.

Mwenye kusema sindano imemuua aje aniambie mimi, si kumnong'oneza baba mdogo Nuhu kwenye mkeka. Mtu aliyeokolewa na marehemu kutoka kwenye kipimo kisicho chake, leo mnamwambia aache na kilicho chake, na mnaita hiyo ni kumwombolezea. Mimi naita kumfukua. Chupa ya Mama iliyobaki inarudi kliniki kesho, na mtu asinitumie mjumbe kuiulizia.

Marehemu ameacha watoto wanne, Kipriani, Scholastika, Seleman aliyemlea kama wa kumzaa, na Hajra, mtoto wa Biasha aliyekua mikononi mwake. Wajukuu kumi na mmoja na kitukuu mmoja. Mdogo wake huko Mnero. Na mashemeji zake Bashiri na Nuhu.

Aya hii haimo kwenye karatasi mlizoshika. Leo asubuhi, tukiwa tunakunja karatasi hizi jikoni, baba mdogo Nuhu alichukua moja akaisoma akiwa amesimama. Akaniambia, "Umeniandika mbele ya watu wote." Nikasema ndiyo. "Futa." Nikamwambia achome kwanza. Akamtuma mkewe alete chupa yake. Alipima sukari. Aliisoma chupa kwa sauti, dawa ya mia, bomba la mia, akavuta yuniti zake, akachoma mbele ya wanawake wote, akala viazi. Kisha akauliza kama sasa nitafuta. Sikufuta, na hapo nyuma ya jeneza mnamwona, amesimama kwa miguu yake, na ni yeye atakayetangulia kumtia mama yangu udongo.

Mungu ampokee Klementina na ampe amani, na asishangae akimkuta anahakiki mizani.