Hamsini na Nne

Kijiwe chenyewe kilikuwa benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa fundi cherehani, mguu wake mmoja umewekewa kipande cha tofali lisiyumbe. Kulia kwake ni mlango wa Fundi. Kushoto ni jiko la mkaa la Mama Birika, aliyeuza kahawa huku mtoto wake akiwa mgongoni. Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka jipya la nguo, la vioo vitupu, na ndani yake sanamu wanne wa kike, weupe pee, wembamba, wasio na vichwa. Asubuhi hiyo waliokaa ni wale wale: Dalali wa nyumba, aliyejua habari za kila chumba mtaani, na Profesa, ambaye hakuwahi kufundisha popote ila hakuna gazeti lililompita, hata la mwezi uliopita. Fundi alikuwa mlangoni kwake, kwenye cherehani, akisikiliza. Kahawa ilikuwa ile ile ya siku zote. Utani tu ndio haukuwepo, kwa sababu Mpima Watoto, yule mama wa mizani kliniki, alikuwa amefariki jana alfajiri, na kesho anazikwa.

— Figo, alisema Dalali. Nimeambiwa na mwenye nyumba wake. Ile dawa ya kupunguza mwili, ya kwenye chupa isiyo na karatasi. Miezi minne anakunywa kila asubuhi kabla hajatia kitu mdomoni.

— Dawa haikumuua, alisema Profesa. Dawa ilitumwa tu. Wauaji wale pale.

Alinyoosha kikombe kuelekea ng'ambo.

— Sanamu?

— Sanamu, ndiyo. Mtu anapita hapa akienda kazini, anapita akirudi, kila siku anatazamana na viuno vile. Mwishowe anaona yeye ndiye aliyekosewa kuumbwa.

— Watatazamana naye vipi, na hawana macho?

— Ndiyo maana wamenyimwa vichwa. Wangekuwa navyo, wangeuliza chakula kinaiva saa ngapi.

Dalali alicheka puani, kisha akajikohoza kana kwamba hakucheka.

— Aliingia mle, alisema Mama Birika. Nilikuwa nimepeleka kahawa. Hata hajauliza kitu, muuzaji akamwambia, mama, saizi yako hatuna. Akajibu kwamba anamtafutia binti yake. Akanunua gauni kubwa kuliko yote, la bluu. Binti mwenyewe mnamjua, mwili ni wa mama yake.

— Sasa kwa nini wasiweke saizi zote? Dalali aliuliza. Watu wanene si wapo? Mtaa huu peke yake tungejaza duka.

— Hawataki waonekane wakitoka mlangoni na mfuko wa duka lao, alisema Profesa. Lakini tusimwonee muuzaji, bwana. Mambo haya yanaanzia mbali. Kuna watu sita, mahali fulani, wanakaa mezani kila mwaka. Wanakubaliana mwaka huu binadamu awe na kiuno gani. Wakimaliza wanapeleka taarifa kwa watu wa poda, nao wanaamua awe na rangi gani. Mke wangu katafuta poda ya rangi yake duka zima. Ziko saba, na zote saba ni za mtu aliyepauka. Akipaka utadhani kaangukia gunia la unga.

— Na hao sita ndio wenye dawa.

— Sasa umeanza kuelewa.

— Ndio wanaopunguza viti vya mabasi pia. Mwaka juzi nilikuwa naenea, aisee. Mwaka huu goti linanigusa kidevu.

— Viti, milango, vitanda vya hospitali. Hata vioo vya mle dukani vimepindwa kidogo, ukijitazama unajichukia, unanunua.

— Na majeneza je? Yana saizi?

Profesa aliona haya, akanywa kahawa.

Mama Birika alipuliza mkaa. Alishangaa wauaji walivyokuwa wengi, na wote walivyokaa mbali.

Maana yeye aliikumbuka siku yenyewe. Fundi alikuwa na desturi yake ya kazi: alimpimia mteja pale mlangoni, penye mwanga, na kila kipimo alikitaja kwa sauti ili mkewe aliyekaa ndani akiandike kwenye daftari. Kifua. Kiuno. Nyonga. Hakuwa na nia mbaya, kila mteja alimfanyia hivyo. Mwaka jana Mpima Watoto alisimama hapo, mikono juu, na Fundi akatamka, nyonga hamsini na nne. Mkewe akauliza, ngapi? Akarudia kwa nguvu zaidi. Dalali, kutoka kwenye benchi, akasema hicho si kipimo, hiyo ni namba ya nyumba.

Benchi zima lilicheka. Mwanamke naye alicheka, mikono bado iko juu. Tangu siku hiyo akawa Hamsini na Nne. Akitokea kona ya mtaa, wanasema, Hamsini na Nne huyo, shikilieni benchi. Naye aliwasalimia vizuri, mmoja mmoja, akiuliza watoto hawajambo. Ila kwenye kizingiti cha Fundi hakukanyaga tena.

Mama Birika alicheka pia siku ile. Hilo ndilo lililomsumbua. Mwanawe alipougua na kukonda, kliniki ilikuwa imejaa akina mama kwenye mabenchi, na mpimaji mwingine alizoea kutangaza kilo kama anayeita majina ya shule. Mpima Watoto hakutangaza. Alisoma mizani, akaandika kwenye kadi, akainama sikioni mwa Mama Birika: "Kapungua kidogo, mwanangu. Tutamrudisha, wewe na mimi." Hakuna mama mwingine aliyejua.

— Shikamooni.

Binti wa marehemu alikuwa amesimama mbele yao, ana mfuko wa plastiki na daftari. Dalali alianza kusogea ili kumpa nafasi kubwa, kwa mbwembwe zake zile za zamani, akakwama katikati.

— Marahaba, mama. Poleni sana.

— Tumeshapoa.

Alitoa gauni la bluu. Karatasi ya dukani bado ilining'inia kwapani.

— Fundi, hili alilitundika mlangoni, akawa anasema ipo siku ataliingia. Nataka alivae kesho. Naomba ulipanue.

Fundi aliligeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba kwenye mshono.

— Nguo za dukani haziachi akiba, alisema polepole. Mimi nikishona naacha vidole viwili ndani, mtu akiongezeka nafungua. Hawa wamekata mpaka ukingoni. Itabidi niweke kipande ubavuni, huku na huku.

— Kitaonekana?

— Mikono yake itafunika. Ila nahitaji kipimo.

— Nipime mimi. Tulikuwa tunavaliana. Alipungua, kisha akavimba, amerudi pale pale.

Akasimama kwenye kizingiti, akainua mikono. Fundi akazungusha utepe nyongani. Akageuza uso ndani, alikokuwa mkewe na kalamu, mdomo ukafunguka. Ukafungwa. Akaingia mwenyewe, akaandika mwenyewe.

Binti akakaa ukingoni mwa benchi, akafungua daftari.

— Naandika wasifu wa kusomwa kesho. Kliniki wameshanipa maneno yao. Nikasema nisiwasahau ninyi, maana alikuwa akituambia kijiweni mmempa jina, mnamwita Hamsini na Nne. Nikimuuliza lina maana gani, anasema ni mambo ya marafiki. Nimeandika hapa, "Marafiki zake wa kijiweni walimpa jina la Hamsini na Nne kwa sababu," nikaishia hapo. Ni kwa sababu gani?

Cherehani ya Fundi ilikuwa imeanza kulia. Ikanyamaza.

Profesa, aliyewajua watu sita wa mezani, alikunja gazeti mara mbili, akalikunja tena. Dalali alitazama barabara kama anayemsubiri mpangaji.

— Andika na hili, alisema Mama Birika. Alimpima mwanangu akiwa amekonda, na kilo zake akanitajia sikioni, nisiaibike mbele ya watu.

Binti aliandika taratibu, herufi moja moja.

— Asante, dada. Hili sikulijua.

Kisha akarudi ukurasa wa nyuma, kalamu mahali pale pale.

— Na hapa nimalizie vipi?

Mama Birika aliinua birika ammiminie. Ilitoa nusu kikombe, kisha machicha. Akampa kwa mikono miwili. Binti akapokea, akashukuru, akakiweka chini bila kunywa, akaendelea kuwatazama mmoja mmoja, akingoja.