Kobe Kaondoka na Masikio Yake

Benchi la nje ya geti la hospitali lina miguu mitatu na tofali, na mafundi hulikalia kila saa nne kunywa kahawa. Siku hiyo Nyundo, msimamizi wao, alikaa upande wa tofali, kahawa yake hajaigusa. Asubuhi ile Kobe, fundi wa lifti, alikuwa ameachishwa kazi. Jina lake alilipeleka kwa meneja Nyundo mwenyewe, na pale kijiweni hakuna aliyejua.

— Meneja kaangalia fomu tu, alisema Msumari, fundi mwingine wa lifti. Matengenezo ya mwezi: mimi arobaini na saba, Kobe mawili!

— Anashinda kaegemeza sikio kwenye ukuta wa lifti, alidakia Redio, fundi umeme asiyejua kunyamaza. Ile ni kazi au mapenzi?

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alijibu Msumari. Yeye kasimama!

— Ningekuwa meneja mimi, ningepima jasho. Shati kavu, nyumbani.

— Jasho hata mwizi analo, bwana. Pima kelele! Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Basi fundi avume!

— Tuwafunge mafundi kengele shingoni, asiyelia afukuzwe!

Wakacheka. Nyundo naye akacheka, akajichukia. Alijua kwamba Kobe akisikia kamba ya lifti inakwaruza, huibadilisha kabla haijakatika, na fomu haina nafasi ya kitu ambacho hakikuharibika. Angeweza kumweleza meneja hivyo. Aliogopa kuulizwa ushahidi uko wapi, akaandika jina.

Nesi wa wodi ya wazazi akatoka getini mbiombio.

— Shikamoo, mzee Nyundo.

— Marahaba, binti.

— Namtafuta Kobe. Lifti ya wagonjwa inatoa mlio tangu alfajiri, na nina mama wa kupelekwa chumba cha upasuaji, ghorofa ya tano.

— Kobe hayupo tena kazini, alisema Nyundo.

— Usihofu, dada, alisema Msumari. Ikiharibika tu, niite. Dakika kumi nimemaliza!

— Na ikiharibika mama yuko ndani?

Msumari alimtazama Redio. Redio akainamia kikombe chake. Nesi akamgeukia Nyundo, maana ndiye msimamizi, akangoja aseme kama Kobe ataitwa arudi.