Mgeni Aliyekataa Kutazama Ukuta

Bwana asifiwe! Nyie wa viti vya nyuma nawaona, itikio lenu limefika nusu. Bwana asifiwe tena! Haya, sasa tunaweza kuongea.

Ndugu zangu, mimi ni Elisaria, wengi mnanijua tangu nikiwa buchani pale chini ya barabara. Enzi zile hapakuwa na mbuzi kuanzia hapa Old Moshi mpaka Tarakea aliyesikia jina langu akalala vizuri. Desemba ikifika, watu wakipanda kutoka Dar, nilichinja mpaka kisu kikaomba likizo. Kidari cha nani, mbavu za nani, kichwa cha nani, niligawa hata ukinifunga kitambaa machoni. Mchana nakata nyama, jioni naingia shule ya watu wazima, nimekaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la tatu, magoti yanagusa masikio. Kidato cha nne nilimaliza hivyo hivyo, nanuka utumbo. Bwana akafungua mlango, nikaingia chuo cha afya mjini Moshi kusomea utabibu.

Nikajua nimefika. Anatomia? Mimi, mchinjaji? Niliwatangazia wenzangu kwamba atakayekwama aje kwangu nimsaidie.

Siku ya kwanza ya somo la mifupa, mwalimu wetu, Madam Ndeshi, akafunua kitambaa mezani. Fuvu la mtu! Mtu kweli, si plastiki. Rangi ya chai ya maziwa, meno machache yamebaki, na nyuma ya tundu la sikio pameandikwa namba kwa wino. Halikuwa na macho, lakini lilinitazama. Nilianguka kwa kishindo, naambiwa hata Bomang'ombe walisikia.

Tangu siku ile, ndugu zangu, akili yangu ilifungwa. Nikiwa peke yangu na kitabu, majina ya mifupa yote ninayo. Nikiwekewa lile fuvu, yanafutika kama mtu amepitisha kitambaa ubaoni. Mtihani wa vitendo nikafeli. Chuoni wanaita sapu, yaani unarudia. Na ukifeli sapu unadisko, unafunga begi unarudi kwenu. Bosi wangu wa bucha alishasikia. Alinitumia ujumbe kwamba aproni yangu bado iko kwenye msumari ule ule.

Madam Ndeshi akaniita, akanikabidhi boksi.

"Elisaria, wewe huna shida ya akili. Una shida ya uoga. Nenda ukaishi nalo nyumbani mpaka siku ya mtihani. Mtazoeana."

"Madam, na lenyewe likinizoea je?"

"Basi mtakuwa wawili wa kusoma. Toka."

Nilipanda na boksi kwenye bodaboda. Tulipoanza kona za mlimani, dereva akapunguza mwendo.

"Kaka, humo umebeba kuku?"

"Hapana."

"Basi mbona nahisi kitu kinanitazama kisogoni?"

Alinishusha kabla hatujafika nyumbani, akageuza pikipiki bila hata kudai nauli, na bodaboda wetu mnawajua!

Wakati huo nilikuwa naishi na Bibi yangu mzaa baba, yule pale anayecheka kabla sijafika pa kuchekesha. Ilikuwa Julai. Ukungu ulikuwa umeshuka kwenye kihamba, shamba letu la nyumbani, migomba ya mbele ya nyumba haionekani, unasikia tu majani yanadondosha maji. Dirisha la mbao la chumba changu nililifunga kwa ajili ya baridi. Nikaliweka fuvu mezani, uso ukutani, maana sikutaka kulala huku natazamwa. Nikatoka kukata majani ya ng'ombe.

Niliporudi, fuvu lilikuwa limegeuka. Linatazama dirisha lililofungwa.

Nikasema, Elisaria, umechoka, umeliweka hivyo mwenyewe. Nikaligeuza ukutani. Asubuhi linatazama dirisha. Nikaligeuza tena, nikaenda chuoni, nimerudi saa kumi, linatazama dirisha! Nikalifunika ndoo, juu ya ndoo nikaweka jiwe la kusagia chumvi. Kulipokucha ndoo ilikuwa chini, imewekwa taratibu, jiwe pembeni yake, na fuvu limetulia linatazama mbao za dirisha kama mtu anayesubiri afunguliwe.

Nilikemea, ndugu zangu! Nilikemea mpaka sauti ikaondoka. Nilipaka mafuta ya kupikia kwenye miimo ya mlango, kitandani, mezani, mpaka chumba kizima kikanukia kama kibanda cha chipsi. Kitabu sikufungua. Kila siku mtihani unakaribia, mimi najua kitu kimoja tu kuhusu fuvu, kwamba linageuka.

Nikakata shauri. Asubuhi moja nikalitia kwenye boksi, nilirudishe chuoni, nikavae aproni yangu. Nikamkuta Bibi barazani anamenya ndizi za mtori.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Mgeni wako unampeleka wapi?"

"Mgeni gani, Bibi?"

"Huyo uliyemgeuza ukutani. Nani alikufundisha kumkaribisha mtu halafu unamwonyesha ukuta?"

Nilipumua, ndugu zangu! Nikacheka mpaka nikakaa chini. "Kumbe ni wewe unamgeuza!"

"Nilimgeuza siku ile ulipokwenda kukata majani. Mara moja tu."

"Na siku nyingine?"

Bibi akaacha kumenya. "Siku nyingine nilikuta ameshageuka. Nikadhani umepata adabu."

Tukatazamana. Maji yanadondoka kwenye migomba, tone moja moja. Boksi liko mapajani mwangu, na naapa mbele ya madhabahu hii, lilikuwa zito kuliko nilipolibeba mwanzo.

Nilitaka kulitupa nikimbie. Bibi akanishika mkono kwa vidole vyenye utomvu wa ndizi.

"Anaitwa nani?"

"Hana jina. Ana namba."

"Kwao wapi?"

"Hakuna anayejua, Bibi."

Akaniambia kwamba alipokuwa mtoto, kichwa cha babu yake kilikuwa kihambani, kwenye masale, yale majani tunayopanda kuheshimu waliolala, kimeelekezwa kilele cha Kibo. Ndivyo wazee walivyofanya kabla ya Injili kufika. "Mimi nimebatizwa, simwombi mtu aliyekufa," akasema. "Lakini huyu amelala bila jina, bila kwao. Umemwogopa, umemkemea, umemfunika ndoo. Umemwamkia?"

Najua wazee wa kanisa mmeanza kutazamana. Ngojeni nimalize!

Tukaingia chumbani. Nikaliweka mezani kwa mikono yote miwili. Bibi akafungua dirisha, na ukungu ambao ulitukalia tangu nimefika na boksi ulikuwa umepasuka. Kibo yote ipo, nyeupe, imenyooka kabisa na yale matundu mawili ya macho. Bibi akaomba, "Bwana, wewe unamjua jina. Huyu kijana mwondolee hofu." Hakuomba zaidi. Nami nikasema, "Shikamoo."

Sikusikia marahaba, msije mkanisingizia. Lakini kitu kilichokuwa kimekaa kifuani kwangu tangu siku ya kwanza kiliondoka, nikahisi kinavyoondoka, kama mtu anainuka kwenye kiti. Haleluya! Bwana hakuliondoa fuvu. Aliondoa hofu.

Nikasoma! Bibi anachambua maharage, ananyooshea kidole, "Na tundu hili linapitisha nini?" Namwambia, mshipa wa taya. "Na hili?" Neva ya jicho. Mpaka ng'ombe akawa anayajua majina.

Siku ya sapu, nimeingia, watahini watatu wamekaa na Madam Ndeshi, fuvu lile lile mezani, limeelekezwa ukutani. Nikasema, "Samahani, naomba nimgeuze." Mmoja akauliza kwa nini. "Si vizuri mtu kutazama ukuta." Nikamgeuza, nikamwamkia mbele yao. Wakacheka. Kisha wakauliza, nikajibu, wakauliza, nikajibu, mpaka wakaacha kucheka. Nilifaulu, ndugu zangu! Aproni bado iko kwenye msumari, kama kuna anayeitaka.

Leo mimi ni mkufunzi msaidizi pale pale chuoni. Wanafunzi wapya nawafundisha kuamkia kwanza, majina ya mifupa yanafuata. Na nakushukuru, Ee Bwana, na namshukuru Bibi. Wewe unayekaa humu na hofu uliyoikemea mpaka umekauka koo, usiifunike ndoo. Mpe Bwana, umwambie inavyoonekana, naye atakaa nawe mezani mpaka uweze kuitazama.

Wananiuliza kama bado anageuka. Jioni tunamfungia kabatini, na funguo anakaa nazo Madam. Asubuhi kabati likifunguliwa, simgusi, wala siulizi. Mimi kazi yangu ni kufungua dirisha.

Amina.