Nusu Kichwa cha Mposaji

Benchi letu liko nje ya kibanda cha Kinyozi, mguu mmoja umeegeshwa kwa tofali, na mimi hukaa pembeni na birika langu la kahawa, nauza huku nasikiliza upuuzi. Asubuhi hiyo upuuzi ulikuwa mpya. Ndani, kwenye kiti cha kunyolea, alikuwa amelala kijana mmoja fundi bomba, shati jeupe, suruali imepigwa pasi, kichwa kimenyolewa upande wa kushoto tu. Wa kulia ameulalia. Saa nne kamili alitakiwa ukweni kujitambulisha, na baba wa binti alishatamka: ikipita dakika moja, mlango unafungwa na posa imekufa. Sasa hivi ilikuwa saa tatu na nusu.

— Mwamshe, nikamwambia Kinyozi.

— Bibi, kwetu aliyelala haamshwi. Mama alitufundisha kwamba huo ni wizi, unamwibia mtu ndoto aliyokwisha kuianza.

— Na nyumba ikiungua?

— Iliungua. Tulimtoa baba na kitanda chake. Aliamka mwenyewe, jua limepanda, akauliza nani kahamisha ukuta.

Fundi Viatu, ambaye hushona pale pale kwenye benchi, akatema misumari kiganjani.

— Huo ni ushenzi! Kwetu dhambi ni kuacha kazi nusu. Baba alikuwa ananichapa, akaitwa msibani tumefika fimbo ya tatu. Karudi baada ya siku nne, akanitafuta mpaka chini ya kitanda, akamalizia mbili zilizobaki.

— Ulikosa nini?

— Hata yeye alikuwa ameshasahau. Lakini kazi iliisha.

— Basi mgeuze kichwa umalizie, nikamwambia Kinyozi.

— Nikimgeuza ataamka.

— Si ndiyo tunachotaka?

— Tunataka sana, Bibi. Ila si kwa mkono wangu.

Fundi Viatu naye akakataa kumwamsha. Kazi hiyo hakuianza yeye.

Akabaki Faili, karani mstaafu, ambaye hata kwenye benchi hukaa kama yuko nyuma ya meza.

— Ninyi hamkulelewa, mmeota tu. Mimi nimelelewa na baba mdogo. Kwake hugusi kitu bila ruhusa ya maandishi. Ukitaka uji, andika barua. Nilipougua surua niliomba kujikuna, jibu likatoka nimeshapona.

— Na ulipokua?

— Sijawahi kukosea hata mara moja.

— Umewahi kufanya nini?

— Ndiyo hapo hapo sasa!

— Haya, huyu tumfanyeje?

— Aandike mwenyewe kwamba anaomba kuamshwa. Mimi nitaweka sahihi ya shahidi.

Ikagonga saa nne kasorobo. Nilinyanyuka na kikombe cha maji baridi nikammwagie, Kinyozi akasimama mlangoni ametandaza mikono. Nikarudi nikakaa. Mimi nililelewa kwamba mwenye duka ndiye mwenye neno dukani mwake, na hilo si ujinga kama wa hao. Hiyo ni adabu.

— Nimepata! Kinyozi akaruka. Tumpeleke na kiti, kama baba. Tumvalishe kofia.

— Akalale mbele ya baba mkwe?

— Kwetu ni heshima, Bibi. Hulali mbele ya mtu usiyemwamini.

— Kiti kimefungwa sakafuni, akasema Faili.

Fundi Viatu alishashika koleo.

— Hiyo sasa ndiyo kazi. Nikiianza, siiachi.

Wakapiga magoti wote watatu, Faili kama shahidi tu, watu wazima na mvi zao. Walikuwa wamefungua parafujo mbili pale binti alipotokea, gauni zuri, viatu vumbi tupu, anahema.

— Shikamooni. Baba ameshashika kitasa cha mlango. Kuna kijana mrefu, fundi bomba, alisema anapitia hapa kunyoa. Mmemwona?

Kinyozi akatazama dari. Faili akajipapasa mfukoni, sijui anatafuta kibali gani. Kiti, kwa kukosa parafujo, kikainama upande, kijana akajilaza vizuri na kuachia mkoromo, mkoromo hasa, kama pampu inayovuta maji kwenye tangi kavu. Kioo cha ukutani kikatetemeka.

Binti akaingia. Nikasema moyoni, afadhali, huyu amelelewa na watu, atamwamsha. Akanyoosha mkono kuelekea bega la kijana. Ukaja mkoromo wa pili. Mkono ukabaki hewani. Ukaja wa tatu, na ncha ya filimbi mwishoni.

— Huwa anakoroma hivi siku zote?

Hakuna aliyejua, na hakuna aliyefunzwa kwao namna ya kulijibu hilo.

— Mwanangu, baba yako anafunga mlango, nikamkumbusha.

Akavuta kigoda, akakaa sikio likielekea kwenye kiti.

— Afunge, Bibi. Mlango ni wake, masikio ni yangu. Nimiminie kahawa.